Kadi ya Dada Venansia

Dada yangu Venansia tulimzika mwezi uliopita, na kwangu mimi ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa sijatimiza miaka tisa, na aliyemuua nilikuwa mimi mwenyewe, kwa kadi ndogo iliyoenea kwenye kiganja changu.

Wajukuu ndio walioichokoza habari hii. Walikuwa wanatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, wakafungua sanduku lake na kutoa kadi zile za zamani zilizofungwa kwa utepe. Harufu ikatoka, harufu ya dawa ya picha, kali kidogo kama siki, nami nikajikuta nimeketi chini. Walidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Ulikuwa mshtuko uleule wa sokoni Bweremana, ulionisubiri ndani ya karatasi miaka yote hiyo. Vijana wakachapisha uso ule kwenye tisheti, wakazivaa, wakazunguka nazo uani wakiongea kwenye simu. Nilipowaeleza kilichotokea walicheka, basi nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokua wakati ambapo kijiji kizima kingeweza kukaa bila picha hata moja ya mtu aliye hai.

Kwetu Nyamitaba tulijua picha za watu za namna mbili tu. Za kwanza ni kadi za watakatifu. Katekista alitugawia kila tulipomaliza kukariri sura ya katekisimu: karatasi ngumu, kingo zimekatwa kama lesi, katikati mtu aliyetazama juu na duara la mwanga nyuma ya kichwa chake. Mimi nilikuwa nazo sita. Mama alinitunzia ndani ya kitabu cha sala ambacho hakuweza kukisoma, na kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alizibusu moja moja. Siku moja nilimwuliza katekista kama mimi pia naweza kuwekwa kwenye kadi. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Kwanza ufe," akasema. "Hakuna muntu anawekwa pale na angali muzima."

Namna ya pili ilikuwa kadi ya padiri mzee aliyefia misioni. Kwenye misa ya kumwombea, kila familia ilipewa kadi yenye uso wake na jina lake chini. Papa, yaani baba yetu, aliibandika ukutani juu ya kiti chake. Basi, hizo tu. Uso wa mtu, jina chini, kadi wanagawiwa watu ambao si ndugu zake: kwetu hilo lilikuwa na maana moja, na si watoto peke yetu tulioamini hivyo.

Venansia alinizidi miaka kumi. Ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba akiimba, sauti yake niliisikia kwa kifua changu kabla ya kuisikia kwa masikio. Kanisani watu waligeuka nyuma kumtazama, na katekista alikuwa akiwakemea huku na yeye ameshageuka. Kisha karani mmoja wa mgodi kule Walikale akaja kuoa kwetu, na mke wake akamwomba Papa ampe Venansia amsaidie kulea mtoto kwa mwaka mmoja. Papa akakubali. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Zikaja habari kwamba kule kwenye kambi ya mgodi kuna ukumbi wenye jukwaa, kwamba kila Jumapili alasiri wafanyakazi wanaigiza na kupiga muziki, na kwamba Venansia halei tena mtoto wa mtu, anaimba. Papa alikataza ukumbi huo usitajwe wakati wa chakula. Mama hakukataza kitu. Jembe la Venansia alilisimamisha nyuma ya mlango na kulipaka mafuta ya ng'ombe lisishike kutu.

Msimu ule wa maharagwe, Papa mkubwa, yaani kaka yake Papa, alinichukua kwenda naye Bweremana kuuza na kununua samaki. Tulitembea siku mbili. Alipokuwa akigombana na wauza samaki kuhusu bei, mimi nilisogea kwenye kamyo iliyoegeshwa kando, maana sikuwahi kuiona kamyo kwa karibu. Shofere alikuwa akifuta kioo cha mbele. Nyuma ya kioo hicho alikuwepo dada yangu.

Niliganda. Alikuwa dada na hakuwa dada. Gauni jeupe, nywele zimepandishwa, mikono imekunjwa kifuani, macho yametazama juu pembeni kana kwamba kuna aliyemwita kutoka huko. Nyuma ya kichwa chake, naapa, palikuwa na duara la mwanga. Kingo za kadi zilikuwa na meno madogo, kama lesi. Chini palikuwa na maneno ya Kifaransa nisiyoyajua, na jina moja nililolisoma kwa midomo, herufi kwa herufi, mpaka nikalimaliza.

"We mutoto, unaangalia nini?" shofere akaniuliza.

"Ile picha. Iko ya nani?"

"Haumujue? Iko Venansia! Kule Walikale, toka kambi mupaka kambi, hakuna nyumba inakosa picha yake ku ukuta." Akabusu ncha za vidole vyake, akaigusa kadi kupitia dirishani. "Mimi siwashe kamyo mbele sijamuangalia. Njo ananichunga mu njia."

Mnaona wenyewe. Hata Mama hakuwabusu wale wa kwenye kitabu kwa moyo namna ile. Nikamwambia kwamba huyo ni dada yangu, tumbo moja. Shofere akacheka, bila ubaya.

"Bantu bote banasema vile. Kila muntu anasema iko ndugu yake." Kisha labda akanihurumia, maana aliingiza mkono chini ya kiti akatoa nyingine. "Kamata. Niko na mbili."

Ndipo niliponusa ile harufu. Niliificha kadi ndani ya nguo, kifuani, na sikumwambia Papa mkubwa neno lolote siku zote mbili za kurudi. Nilitaka Mama awe wa kwanza. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha mpaka leo: nilikuwa na furaha. Sikufikiri kwamba dada amekufa, nilifikiri kwamba dada amekuwa mtakatifu, na kifo kilikuwa ni kijia tu cha kufikia huko. Familia nyingine zilikuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi. Hakuna iliyokuwa na mtakatifu wake.

Mama alikuwa uani anachambua maharagwe. "Mama," nikamwambia, "dada Venansia alishakuwa mutakatifu." Nikampa kadi.

Alipangusa mikono kwanza. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nani alikupa hii?"

"Shofere wa kamyo. Anasema bantu bote ba kule banayo ku ukuta."

"Sawa ile ya padiri."

"Njo vile, Mama."

Akanishika mabega kwa nguvu. "Shofere alisema Venansia alikufa? Ulisikia na masikio yako?"

Hapo ndipo. Hapo ndipo ningeweza kusema hapana, maana shofere hakusema hivyo. Lakini kichwani mwangu jambo lilikuwa limeshakwisha: mtu hawekwi kwenye kadi mpaka afe, kwa hiyo kusema na kutosema ni mamoja. Niliona Mama anataka kusikia jibu moja lililonyooka, nami nilikuwa mtoto mwenye kupenda kujibu vizuri.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Kelele aliyoipiga sijaisikia tena, na nimepita vita. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Maharagwe yalimwagika, majirani wakaanza kushuka na kupanda kutoka pande zote za kilima, na mimi nilisimama pale katikati nikimtazama kila mtu usoni, nikisubiri mmoja wao afurahi. Hakuna aliyefurahi. Katekista alikuja, akachukua kadi, akasoma jina. Elimu yake ilikuwa ya Kiswahili na ya Kilatini cha misa, Kifaransa hakukijua, na hakuwa mtu wa kukiri hivyo mbele ya watu. Nyuma ya kadi aliona mhuri wa duara, akauchukulia kuwa wa misioni. Akavua kofia.

Kwetu, mtu aliyefia mbali bila mwili wake kurudi hakuachwa bila kaburi. Walikata mgomba uwe badala ya mwili. Papa ndiye aliyepima urefu: alisimama wima, akaweka mkono kwenye kifua chake, akasema, "Alikuwa ananifika hapa," na mkono akauacha pale. Wakauzungushia mkeka wa Venansia, wakauweka kaburini, wakavunja mpini wa jembe lake, lile lililopakwa mafuta, wakaliweka juu. Wakasimamisha msalaba wenye jina lake. Sote tukanyolewa. Wembe ulipopita kichwani pangu ndipo nilipoelewa kwamba dada hatarudi kunibeba, na nikalia kwa mara ya kwanza, baada ya wenzangu wote. Kadi ikaingia kwenye kitabu cha sala, ikawa ya saba. Mama aliibusu kila asubuhi pamoja na zile nyingine.

Miezi kama miwili baadaye nilikuwa nateremka kuchota maji, jua limesimama juu. Nikamwona mwanamke anapanda njia yetu, ameshika mkononi viatu vyenye visigino virefu. Alipoinua uso, mtungi ulinitoka. Nilipiga magoti palepale kwenye matope, nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza kusali.

"Inuka, we!" Venansia akanisukuma bega. Mkono wake ulikuwa wa moto, una jasho. "Nani alisema nilikufa?"

Alinivuta, tukapanda pamoja, na njia nzima aliongea yeye kwa hasira na kicheko, mimi nikimgusa kiwiko kila mara kuhakikisha. Msiba wetu ulikuwa umefika Walikale na makamyo. Mpiga picha wa kambini alipousikia alichapa kadi nyingine nyingi, na zikaisha siku ileile. Venansia alikuwa ameenda kuimba kambi ya mbali, na aliporudi akakuta watu wanamlilia ukumbini. Akapanda jukwaani kuwaonyesha kwamba yu hai. Wengine walipiga makofi, wengine walimzomea. Mwanamke mmoja alimkaribia na kadi mkononi, akatazama kadi, akamtazama yeye, akatazama kadi tena.

"Akaniambia, 'Hauko ye. Ye alikuwa muzuri kukupita,'" dada akasema, na hapo hakucheka.

Nikamwuliza kuhusu mwanga wa nyuma ya kichwa. Akasema ni taa, mpiga picha aliiweka kwenye kiti nyuma yake. Na macho yale ya kutazama juu? "Alinionyesha buibui ku dari, akasema nimuangalie ule, nisisongesongeshe shingo."

Buibui. Nikaacha kumgusa kiwiko.

Alipoingia uani watu walikimbia, mwingine akaruka ua na mtoto mgongoni. Papa alibaki amekaa, mdomo wazi. Mama alipiga hatua mbili kumwendea, mikono imenyooshwa, na hapo Papa mkubwa akasimama mlangoni akauziba kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa akisali rozari kila siku mtu yule, lakini mambo ya makaburi aliyafuata kama alivyoyakuta.

"Aliyezikwa hapite ku mulango," akasema. "Atatuletea kifo mu nyumba. Apitie nyuma, sawa mutoto anazaliwa."

Mama hakungoja amalize. Aliinama, akapita chini ya mkono wake akaingia ndani, na tukasikia udongo unaanguka. Alikuwa anabomoa ukuta wa nyuma kwa panga, kisha kwa mikono. Sote tukazunguka. Tundu lilifunguka chini, la kutosha mtu kutambaa, na mkono wa Mama ukatokeza umejaa udongo, vidole vimefunguliwa. Venansia alivua hereni zake, akanipa nizishike. Akapiga magoti na gauni lake zuri.

"Tambaa," Papa mkubwa akamwambia. "Mama yako atakunawisha, atakunyoa, kisha atakupa jina. Venansia anabakia kule mu kaburi."

Dada akaacha kutambaa, akainuka. "Jina langu?"

"Ile jina iko ya mugomba sasa."

"Papa mukubwa, nitatambaa. Nitanyolewa. Lakini jina, hapana." Akaelekeza mkono kule barabarani. "Bantu banakuja kuona Venansia. Iko ku picha, iko ku mulango ya ukumbi. Tayari hawaniamini. Nikirudi na jina ingine, kule niko nani?"

Mama akajibu kutoka ndani, hatukumwona uso, tuliuona mkono tu. "Na hapa uko nani, mutoto wangu?"

Venansia akarudi hatua moja nyuma. Nikaona anaelekea kukataa, nikaona kwamba yote haya nimeyaleta mimi, na neno likanitoka kwa kelele: "Shofere hakusema! Hakusema alikufa! Mimi njo nilidanganya!"

Walinigeukia wote. Niliamini kabisa kwamba sasa watauchimbua mgomba, watautupa, na dada ataingia ndani ale. Papa mkubwa alinitazama, na hakunipiga. Heri angenipiga.

"Ata vile," akasema. "Tulishamulilia."

Dada naye alikuwa akinitazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa ameshtuka tu, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza mtoto aliyemlea. Alichukua hereni zake mkononi mwangu. Akainama, akaushika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye shavu lake, ukaacha udongo hapo. Kisha akauachilia. Kamyo ilikuwa inamsubiri barabarani, akateremka bila kujifuta. Mkono wa Mama ulibaki nje ya tundu mpaka Papa alipoingia ndani kumwinua.

Mama hakuliziba tundu lile. Aliliwekea mkeka tu. Papa alilalamika baridi miaka mingi, na mkeka ukabaki palepale.

Venansia aliendelea kupata jina, ninyi wa Masisi na Walikale baadhi yenu mlikuwa na kadi zake. Alikuja kila mwaka. Alikaa uani, alikula uani, mvua ikinyesha alijifunika turubai. Mlangoni hakupita na nyuma hakupita. Hata Mama alipofariki, mwanawe huyo alilia nje, chini ya dirisha. Kabla ya kukata roho Mama aliniita nisogeze sikio, akaniambia jina ambalo alikuwa nalo mdomoni siku ile alipotoa mkono ukutani. Alisema nilitunze, siku mwenyewe akilitaka nimpe.

Dada hakulitaka kwa miaka zaidi ya hamsini. Mwisho aliishi kwangu, mjini, sauti imekwisha kabisa, anaongea kwa kunong'ona. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono. "Mama alikuwa ameniwekea jina gani?"

Nikamwambia. Alilirudia polepole mara mbili, kisha akasema, "Nikikufa, njo unipitishe kule nyuma."

Nyumba ya wazazi imebomolewa na vita na kujengwa upya mara tatu, sasa ni ya mbao. Niliwaagiza vijana wa ndugu zangu wang'oe mbao za nyuma. Umati wenye tisheti ulijazana mbele, simu zimeinuliwa, unasubiri jeneza lipite mlangoni. Sisi tukazunguka na kulipitisha kule nyuma. Ndani nilimnawisha uso, nikamnyoa, nikamwita jina lake sikioni. Tukatokea tena palepale, tukamlaza kando ya Mama, wakati wale bado wanasukumana mbele. Kwenye msalaba niliandika lile jina. Hapa siliandiki.

Baadaye walikuja uani, wakubwa kwa vijana, hata watu wa redio, na maua yao. Walilipita kaburi lile bichi bila kusimama, wakisoma misalaba. Msichana mmoja mwenye uso wa dada yangu kifuani akanijia kwa adabu ya mjukuu.

"Koko, kaburi ya Venansia iko wapi?"

Nikamwonyesha kule pembeni, kwenye msalaba wa zamani. Akawaita wenzake. Wakapiga magoti, wakaweka maua, wakalia, kisha wakajipanga vizuri na kupiga picha na mgomba.